Asubuhi Nisipokuja, Uulize

Marehemu Assoumani, Mwenyezi Mungu amrehemu na ampanulie kaburi lake, alifungua mkahawa wake mtaa wa Mahabibo, mjini Mahajanga, katika miaka ambayo Wafaransa walitawala kila kitu isipokuwa mvua na mauti. Alikuwa mtu wa kisiwa cha Nosy Be, mzaliwa wa Ambanoro, wazazi wake Wangazija. Ujana wake wote aliwapikia Wazungu kahawa katika hoteli moja ya Hell-Ville, mji mkuu wa kisiwa hicho. Mkewe Rabiata alipofariki, alishindwa kulala katika chumba kile walichoishi pamoja. Akapanda meli, akamfuata bintiye Koulsoum aliyeolewa Mahajanga. Mzigo wake ulikuwa dele la shaba, kaango, kinu na mchi wake, na msahafu wa baba yake.

Kahawa aliijua. Aliikaanga polepole mpaka buni itoe jasho, akaitwanga kwa tangawizi kidogo, akaiacha deleni ichemke na kutulia. Lakini mkahawa wenyewe aliupanga kama alivyozoea kuona hotelini: meza ndogondogo, kila meza na viti vyake viwili, juu yake kitambaa kilichotariziwa na wanawake wa Nosy Komba. Siku ya kwanza watu walikuja, wakanywa, wakasifu, wakaondoka. Siku zilizofuata walipita njiani wakimpungia mkono tu, naye akabaki kupepea makaa.

"Baba," Koulsoum alimwambia, "kahawa haina dosari. Waulize watu wanataka nini."

"Nimepika kahawa kabla hujazaliwa, leo nikaulize namna ya kuipika?"

"Sikusema uwaulize kahawa. Waulize wanataka nini."

Akatii, kwa kuwa biashara ilikuwa inamfia mikononi. Aliyemjibu kwanza ni Elarif, mvuta pusipusi, kile kigari cha abiria kinachokokotwa na mtu mbio. Elarif alikuwa na miguu ya chuma na mdomo usiolala.

"Bwana Assoumani, kwako mtu anakaa kama aliyekuja kuposa. Yule meza ile, mimi meza hii, tunatazamana kama wenye kesi. Na kitambaa hicho! Nikidondosha tone, si nitafungwa?"

Watu wakacheka. Fundi cherehani mmoja akadakia, "Na viti vyako vinatazama ukuta. Mtu hunywa kahawa ili aone nani kapita na nani hakupita."

Assoumani aliondoa meza, akavikunja vitambaa akampa bintiye, akachongesha benchi refu lililoegemea ukuta wa mbele na kutazama njia. Hapo watu wakajaa. Walikaa bega kwa bega, wakisemezana Kingazija na Kisakalava, na maneno ya Kiswahili cha wazee yakipenya humo kila walipotaja dini au bahari. Walitoka sala ya alfajiri wakaja kukaa kidogo kabla ya kazi. Huyu alitaka kahawa chungu, yule alitaka kipande cha kashata, mwingine alitaka asikilizwe tu.

Mtu mmoja hakuwa ametaka chochote. Huyo ni mzee Mouigni, aliyebeba magunia bandarini tangu ujana mpaka mgongo ukapinda. Hakuwa na mke, mtoto wala ndugu upande huu wa bahari. Alipanga chumba cha bati nyuma ya kisima, akaja kila asubuhi, akanywa kimya, akaenda zake. Siku moja Assoumani alimjazia kikombe akamwuliza, "Nawe, mzee wangu? Kila mtu kasema lake."

"Kahawa yako inatosha uchungu," Mouigni akajibu. "Ninalotaka ni moja. Asubuhi nisipokuja, uulize."

"Niulize nini?"

"Uulize, Mouigni yuko wapi. Basi. Nimeona wenzangu wa bandarini wanafia vyumbani, wanatolewa kama magunia yaliyolowa. Sitaki matanga makubwa. Nataka nioshwe, nivishwe sanda, nisaliwe na watu wanaolijua jina langu. Na mlango wako ndio wa kwanza kufunguliwa mtaa huu."

"Mzee," Elarif akasema, "wewe utatuzika sote, kisha ulalamike kwamba kahawa ya matanga ilikuwa baridi."

Benchi zima likacheka, isipokuwa Mouigni. Alikuwa anamtazama Assoumani.

"Nitauliza, inshallah."

"Inshallah ya kukubali, au ya kukimbia?"

"Ya kukubali. Wallahi nitauliza."

Kesho yake Mouigni alikuja na kikombe chake mwenyewe, cha bati, cha buluu, kilichobanduka rangi ukingoni. Akaomba kitundikwe msumarini, ndani, karibu na jiko. Wenziwe walimcheka, kisha mmoja baada ya mwingine wakaleta vyao. Ukuta ukajaa vikombe. Jua likipanda na kikombe kikawa bado kinaning'inia, mtu alitumwa akabishe hodi kwa mwenyewe. Ndivyo Elarif alivyokutwa siku moja anatetemeka kwa homa, hata maji ya kunywa hana. Ndivyo fundi cherehani alivyokutwa amejificha kwa mke wa pili ambaye wa kwanza hamjui, na maneno ya siku ile yalikuwa mengi. Assoumani alianza kufahamu kwamba watu wale hawakuwa wakija kwa ajili ya kilichomo kikombeni.

Kisha tauni ikaingia mjini.

Panya walikufa kwanza, halafu watu. Serikali ikaamuru kwamba maiti yeyote asizikwe mpaka daktari amwone. Aliyefariki mikononi mwa watu wake, daktari akaona si tauni, walipewa wakamzika kwa sheria ya Mungu. Lakini aliyekutwa amekufa peke yake hakuulizwa mengi. Alihesabiwa wa tauni, akabebwa na watu wa afya kwa gari la ng'ombe, akamwagiwa chokaa, akafukiwa mbali na mji, mahali ambapo jamaa hawakuruhusiwa kukanyaga. Nyumba yake ilichomwa moto. Mahabibo watu walikuwa wakiogopa gari lile la maiti kuliko walivyoogopa ugonjwa.

Mouigni aliliona likipita mbele ya benchi. Aligonga tu kikombe chake kwa ukucha, na Assoumani akaitika kwa kichwa.

Katikati ya mambo hayo ukaandama mwezi wa Ramadhani. Miaka mingine mkahawa ulifungwa mchana, ukafunguliwa baada ya tarawehe, watu wakanywa na kuzungumza. Mwaka ule mikusanyiko ya usiku ilikatazwa. Assoumani akafunga mlango kabisa, akakaa nyumbani kwa bintiye, aliyekuwa mja mzito, akisoma Kurani na kumwomba Mungu aipitishe balaa. Aliona amefanya lililo jema. Nani atamlaumu mwenye mkahawa kwa kufunga mkahawa mwezi wa toba?

Hakuna aliyekumbuka kwamba pamoja na mlango ule walifunga jicho lao. Mchana wa Ramadhani mtu akilala hagongewi. Anaachwa na saumu yake. Walioswali msikiti wa karibu walidhani Mouigni kaenda ule wa juu. Walioswali wa juu walidhani yuko wa karibu.

Siku moja Koulsoum alitamani uji wa kufuturia wenye tangawizi, na tangawizi ilikuwa imebaki mkahawani. Assoumani akaenda kuichukua. Ndani mlikuwa na giza na harufu ya majivu baridi. Vikombe vyote vilikuwa vinaning'inia ukutani, safu kwa safu, kama inavyopasa mwezi ule. Cha buluu kilikuwemo miongoni mwao. Alikiona. Akasimama mbele yake. Kisha akajiambia, vyote vimetundikwa, basi kuna nini? Akachukua tangawizi, akafunga mlango.

Mwezi ulikuwa bado haujaisha alipokuja Elarif mbio, pusipusi kaiacha njiani.

"Twende kwa Mouigni. Watu wa afya wako pale. Majirani wamesikia harufu."

Walikuta kamba imezungushwa mbele ya chumba cha bati. Matope yalikuwa yamekanyagwa na miguu mingi. Wanaume wawili waliofunga vitambaa puani walikuwa wanatoa kitu kilichoviringwa turubai, na mnesi wa Kimalagasi alisimama mlangoni na ndoo ya dawa.

"Rudi nyuma," mnesi akasema.

"Huyo ni Mouigni," Assoumani akasema. "Ana umri mkubwa. Labda ni moyo tu. Labda ni homa. Daktari amwangalie kwanza."

"Amwangalie nini sasa? Amekaa siku. Kuna ndugu yake hapa?"

Majirani wakarudi nyuma hatua moja.

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi... ana kikombe chake kwangu. Nina mkahawa."

"Sikukuuliza kahawa, mzee. Nauliza ndugu. Kama yuko ndugu yake aseme, tunamhitaji." Mnesi hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka. "Naye akae karantini pamoja na wa nyumbani kwake wote."

Assoumani alifungua mdomo. Akilini akamwona Koulsoum amelala kwenye kambi ya karantini, ya mabati, nje ya mji na mimba yake, kati ya wagonjwa. Mdomo ukajifunga wenyewe. Elarif alikuwa anatazama matope. Wale wawili wakapandisha turubai garini, ng'ombe wakasukumwa, gari likaenda. Nyuma yao mnesi akamwaga mafuta ya taa juu ya kirago na mswala wa Mouigni, akawasha.

Jioni ile Assoumani hakufuturu ila kwa maji. Alikwenda kwa Fundi Nourdine, mwalimu wa madrasa, akamweleza yote, hata la tangawizi.

"Tumsalie, Fundi?"

Nourdine aliiweka tasbihi chini. "Wako wanazuoni wanaosema asiyeoshwa kwa maji wala kutayamamiwa kwa mchanga hasaliwi. Wako wanaosema asaliwe, kwa kuwa kilichoshindikana hakidaiwi. Sisi tutamsalia. Mungu anajua zaidi."

"Na kiapo changu? Niliapa, wallahi."

"Kiapo kina kafara. Utalisha masikini."

"Na deni langu kwa Mouigni?"

Nourdine aliinuka, akaanza kutandika mikeka.

Walimsalia uani kwa Nourdine, watu wachache wa benchi, hakuna jeneza mbele yao. Fundi cherehani alilia kwa sauti. Alikuwa amemshonea Mouigni kanzu ya Idi na mwenyewe hakuja kuichukua, naye akadhani kabadili nia.

Koulsoum alijifungua salama baada ya Idi, mtoto wa kike. Assoumani alimwadhinia sikioni, akampa jina Hayrat. Lakini furaha haikukaa kwake. Alifungua mkahawa, akapika kahawa ile ile nzuri, na kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko alikitungua kikombe cha buluu, akakiosha kwa maji safi, mara tatu, akakikausha kwa kitambaa cheupe, akakirudisha msumarini. Koulsoum alimwambia, "Baba, kikombe hicho hakijanywewa."

"Najua, mwanangu."

Ramadhani iliyofuata ilipofika, watu wa Mahabibo walishtuka kuona mlango wa mkahawa uko wazi mchana kweupe, vikombe vyote vimeteremshwa vimepangwa kwenye benchi. Maneno yakaenda mbio: mzee wa Nosy Be anauza kahawa watu wamefunga! Wanaume watatu wenye ghadhabu walikuja wakamkuta amekaa peke yake na msahafu. Mmoja akalinyanyua dele, akalinusa.

"Nusa vizuri," Elarif akasema kutoka njiani, "labda utashiba."

Dele lilikuwa tupu na baridi.

"Basi umefungua kwa nini?" yule akauliza.

"Kila anayepita na akitundike chake," Assoumani akasema. "Kitakachobaki kwenye benchi mpaka adhuhuri, nitakwenda kukiulizia."

Wengine walimwona kachanganyikiwa. Hata hivyo walipita. Mtu alichukua kikombe chake, akakitundika ukutani, akasema salaam aleikum, akaenda na saumu yake. Kila Ramadhani ikawa hivyo, tauni ilipoisha na baada yake, mpaka watoto wakadhani ni sunna.

Assoumani mwenyewe alifariki miaka mingi baadaye, mwezi wa Shaabani. Asubuhi mlango haukufunguliwa. Elarif, aliyekuwa mzee sasa na pusipusi ameiacha, hakungoja jua lipande. Alikwenda kubisha nyumbani, akamkuta kwenye mswala, mwili bado una joto. Waliokunywa kahawa yake ndio waliomwosha, wakambeba, wakamsalia kwa jina lake na la baba yake. Kaburi lake linajulikana. Hayrat huenda kumsomea Yasini kila Ijumaa.

Akimaliza, hugeuka kuelekea kule nje ya mji alikofukiwa Mouigni, kwenye majani marefu yasiyo na jiwe wala alama, akasoma tena. Pale hajui amsomee akitazama wapi.

Ewe Mola, uliyewaona wote wawili, waoshe kwa maji ya rehema Yako, na yule ambaye sisi hatukumwosha uanze naye.