Samadi Safi ya Gakwaya

Mukamurenzi alizaliwa milimani Kivu Kusini, katika ukoo ambao mtu huulizwa ana ng'ombe wangapi kabla ya kuulizwa hali. Mwaka 2014, akiwa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, angejibu kwamba hana hata mmoja, ila nyungunyungu anao wa kutosha.

Aliwatoa mjini Mbarara, kwa Zaharah, muuza ndizi aliyewafuga nyuma ya nyumba kwa maganda ya matoke. Zaharah alimjazia nyungunyungu katika kopo tupu la samli na kumpa masharti.

"Usipatie hawa ndimu, wala chumvi. Jua pia hapana. Hawa ni kama wakwe, dada. Wakikosa raha wanaenda bila kuaga."

Akalipakata kopo njia nzima. Nyumbani akawawekea sanduku la mbao chini ya kipande cha turubai, akaanza kuokota maganda ya kuwalisha katika soko la kambi, Base Camp. Wanawake wa kwaya walimwona ameinama jalalani, na Jumapili wakamwombea kwa sauti, wakimtaja jina ili Mungu asikosee mtu.

Hakuwa na kichaa. Alikuwa na shamba jeupe, gumu kama sakafu, ambalo mahindi yake yalikomea magotini. Kamati ya mashamba ilikwisha kumwambia: mvua za Septemba zikikuta ardhi haijaota kitu, itakatwa wapewe wakimbizi wapya waliokuwa wakisubiri kwenye kituo cha mapokezi cha Kabazana. Mbolea ambayo nyungunyungu wangeitoa katika sanduku lile ndiyo ingemwokolea shamba, na hakuwa na nyingine.

Shemeji yake Gakwaya, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja na mzaha mmoja. Kila alipopita na kundi lake aliuliza, "Mama Cyiza, leo umekamua minyoo ngapi?" Majirani walicheka kila mara, kana kwamba wanausikia mara ya kwanza. Ikafika mwezi wa nne wa kicheko, mchungaji wa kanisa akamkemea, na Gakwaya akaja kuomba radhi na magunia mawili ya samadi mbichi.

Kwao, kinachotoka zizini mwa mtu hakikataliwi. Ukikikataa, umewalaani ng'ombe wake.

"Hii iko safi kabisa," alisema Gakwaya kwa fahari. "Juzi niliwanywesha ng'ombe dawa ya Mbarara. Hakuna mududu hata moja mule."

"Aksanti, shemeji. Mungu abariki mifugo."

Wote wawili walikuwa watoto wa wafugaji. Ng'ombe aliyekunywa dawa ya minyoo kwao ni habari njema, nao wakaitikia kwa vichwa kama wanaosikia neno la Injili. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Mukamurenzi akamwaga magunia yote mawili sandukuni.

Siku ya tatu alifunua turubai, akapigwa na uvundo. Nyungunyungu walikuwa wamekwea kingo za mbao wakafia hapo, weupe, laini kama mboga iliyopikwa mara mbili. Alisimama akikumbuka: hakuna mdudu hata mmoja. Aliambiwa kwa kinywa kipana, na yeye akajibu aksanti. Kwanza alijikasirikia mwenyewe, kwa muda wa kufunga kitenge kiunoni tu. Hasira iliyobaki ilikuwa ya Gakwaya, akampelekea.

Alikwenda na maiti ndani ya beseni, saa ng'ombe wanaporudi, akaketi langoni pa zizi. Hakuna mtu wa ukoo ule anayeswaga ng'ombe juu ya mama aliyeketi. Wanyama kumi na mmoja wakasimama njiani, viwele vimejaa, ndama wakilia ndani.

"Mama Cyiza, toka mu njia! Ng'ombe zinaumia maziwa."

"Zangu zimekufa."

Gakwaya akachungulia beseni, akacheka. "Dawa ya minyoo imeua minyoo. Kosa ya nani sasa?"

"Miezi mine unaniuliza nimekamua ngapi. Hesabu."

"Unataka nini? Nikulipe minyoo? Batu batanicheka!"

"Njo ile nataka, bacheke. Kesho, asubuhi, utachambua ile sanduku na vidole vyako, unitolee yenye ingali hai. Na batu baangalie."

Ng'ombe mmoja akaanza kudondosha maziwa vumbini. Mfugaji huvumilia aibu, lakini si maziwa kumwagika.

"Nitakuja," alisema Gakwaya.

Akaja na kofia yake nzuri. Watu walihudhuria kama wanaokwenda harusini, kwaya ikakaa mbele. Alichuchumaa tangu asubuhi hadi alasiri. Waliopona walikuwa pembe ya chini, penye maganda ya zamani, ambako samadi yake haikufika.

"Hii inapumua."

"Weka mu kopo. Ingine."

Walipatikana nusu kikombe. Hadi Septemba walitengeneza mbolea ya nusu shamba, na kamati, ambayo haikosei kupima, ilikuja na kamba, ikamwachia nusu yenye maharagwe na mchicha wa dodo, ikaichukua nyingine.

Jioni hiyo Gakwaya alifika na maziwa. "Nusu si mubaya, Mama Cyiza. Bengine banakosa yote."

Mukamurenzi aliyapokea maziwa, akayaweka chini bila kuyaonja.

"Kesho leta mavi ya ng'ombe yenye haijanywa dawa," alisema. "Ulete mwenyewe, ku kichwa."

"Nina toroli..."

"Ku kichwa, Gakwaya. Na upitie sokoni."