Picha Aliyoikataa Mama

Nakumbuka siku moja, mwanangu, Madame Nandini alipoiharibu picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, nami nimesimama pale nikitamani kumpokonya kisu.

Alikuwa mchoraji kutoka India, jirani yetu wa ghorofa ya chini kule Koekelberg, mtaa tuliohamia ugenini. Hakuchora watu wala miti. Rangi tu, tabaka juu ya tabaka, na kabla ya kugusa kitambaa alivua viatu akanyamaza kitambo. Kwake rangi ilikuwa sala. Mimi nilikuwa mwanafunzi mwenye maneno mengi, na usiniulize mwaka ule nilijifunza nini zaidi ya haya.

Baba alikuwa amefariki kwetu Likasi, mbali nasi. Mama hakupata njia ya kwenda kumzika, na tangu habari ifike hakudondosha hata chozi. Alikaa tu na rozari mkononi, chakula kikipoa mbele yake. Tuliogopa tutampoteza naye. Ndipo Madame Nandini akajitolea kumchora baba. Picha ya pasipoti hakuitaka. Alimketisha mama, akamwuliza mzee alivyokuwa akirudi kutoka mgodini, vumbi jekundu hadi kwenye kope, na habari za jiwe la kijani alilomletea siku za uchumba.

Picha ya kwanza mama aliitazama akasema, "Bado." Siku ya kuonyeshwa ya pili tulimkuta bwana mmoja mwenye jumba la maonyesho, ameshaisifu na anaiomba akaitundike kwake. Mama akatikisa kichwa.

"Bado, madame. Haiko yeye."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mama yule wa Kihindi alichukua kisu akaanza kukwangua. Nikamsihi aache, mama hajui sanaa. Hakugeuka hata kunitazama.

"Huyu bwana anajua rangi," alisema. "Mama yako anamjua mtu. Wewe unajua nini?"

Nikasogea pembeni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami ujane sikuwahi kuulalia.

Majuma yakapita. Picha ya tatu ilikuwa kijani kizito, wekundu ukijitokeza kidogo kutoka chini yake. Mama alivuta kiti, akaitazama mpaka nikadhani amesinzia.

"Njo yeye," akasema, yaani ndiye. "Bon. Muniache sasa nilie."

Akalia mchana kutwa. Kisha akaomba chakula.

Mwanangu, ukiwa fundi wa lolote, watakuja wa kukusifu, tena watu wazito. Washukuru. Lakini kazi yako mpelekee yule unayemfanyia, na akikwambia bado, amini kwamba bado, hata kama hajui jina la kitu unachokifanya. Nimewaona mafundi wengi mji huu. Aliyekubali kuanza upya kwa ajili ya mjane mmoja nimemwona huyo tu, na mpaka leo namheshimu. Mungu akupe mkono usioogopa kufuta, na siku utakaposhindwa kulia, akupe mtu wa kukungoja.