Ndoo ya Mlangoni

Muuguzi wa wodi yetu mikono imempasuka kwa sabuni. Tangu mzee wa kitanda cha jirani, aliyeletwa na kidonda cha mguu, aambukizwe ugonjwa wa kuhara humu humu wodini, hakuna anayepita mlangoni bila kunawa kwenye ndoo. Sanitaiza, anasema muuguzi, kijidudu hiki hakiijali. Jana alikuja mtu wa rika la mzee huyo kutoka kijijini kwao Oloipiri, akakaa amemshika mkono. Kuingia alinawa, kutoka akagoma.

"Kwani mimi mchafu?"

"Hapana, baba. Uchafu ni wetu wa hapa. Usiende nao bomani."

Mgeni akanyoosha mikono. Alipokwisha kunawa, muuguzi akamwinamishia kichwa kama mtoto wa kwao anavyomwamkia mzee. Mgeni akamwekea kiganja utosini, maji yakamchuruzika shingoni, naye hakuyafuta.