Sufuria Zilizong'aa Mno

Kwenye hoteli alikoosha vyombo walimwita Kioo, maana sufuria ikitoka mikononi mwake ungeweza kujitazamia ukachana nywele. Zile za chuma cha pua zilizoungua hadi wapishi wakazikatia tamaa, zote zilipelekwa kwake. Hakugombana nazo. Alimimina maji na siki, akachemsha, akaepua, akanyunyiza magadi ya unga na kuliacha povu lifanye kazi yake, ndipo akasugua taratibu kwa kitambaa. Steliwaya hakutaka hata kuiona.

"Inaacha makovu," alisema.

Lakini kazi yake kubwa, jamani, aliifanya nyumbani, tena kwa siri. Mama yake alikuwa ameanza kusahau. Alibandika mchuzi, akatoka kuanika nguo, asikumbuke tena kwamba kuna jiko. Binti akirudi kazini, harufu ya kuungua ilimlaki mlangoni. Mama hakujivunia kitu duniani kama mapishi yake, na kumwambia kungemvunja moyo. Isitoshe, kaka yake aliyeishi mbali alishaapa kwamba siku mama akipata shida pale, atamchukua. Kioo hakuwa na mwingine ila mama. Basi alisubiri mama ajinyooshe kitandani, akaenda nyuma ya nyumba na siki yake. Mama akiamka, sufuria inameta, na yeye anauliza wapike nini jioni.

Siku kaka alipotokea bila taarifa, alikuta jikoni moshi mtupu na dada yake amechutama na sufuria nyeusi tii.

"Nani kaunguza?"

Kabla Kioo hajafungua mdomo, mama alijibu, bila hila hata chembe.

"Nani tena kama si dada yako huyu? Kila siku nikijilaza namwona dirishani anasugua. Naona haya kumsema, mtu mzima."

"Kaka, si mimi. Mama anasahau. Nilikuwa namsitiri tu."

"Mama huyu? Hajaunguza hata maji tangu tuzaliwe! Umeunguza mwenyewe, sasa unamsingizia?"

Kioo akatazama rafuni. Sufuria zote safi, hakuna hata moja ya kumtetea. Ushahidi wote aliufuta kwa mikono yake mwenyewe.

"Utakuja kumchomea ndani," kaka akasema. "Mama, twende nikusaidie kufunga mizigo."

"Basi usimwache peke yake na jiko, kaka. Nakuomba."

"Wewe ndiye wa kunifundisha mambo ya jiko?"

Walipofika garini Kioo alilia kama mtoto, hakujali majirani. Mama akashusha kioo cha dirisha, akampangusa machozi kwa ncha ya mtandio wake.

"Nyamaza, mwanangu," akamwambia kwa huruma. "Kupika utajifunza tu."