Majivu Kwenye Kitalu cha Sonmati

Kila asubuhi, kijiti cha mwarobaini kikiwa bado mdomoni, Sonmati alikizunguka kitalu chake cha koliflawa akiwa ameinama kama mtu aliyeangusha hereni. Waliompitia njiani walidhani anatafuta viwavi. Viwavi aliwatafuta pia, lakini zaidi alitafuta watu.

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Alipoletwa kuolewa katika kijiji kile cha wakulima wa mboga, kando ya mto Ganga, alikuwa msichana wa kucheka ovyo, na mama mkwe alimkemea mara nyingi kwa sababu ya mlango wa uani aliousahau wazi. Ujane ndio uliomfundisha kufunga milango. Mumewe alipofariki, watu walikuja na maneno matamu na kuondoka na vitu. Mmoja aliazima jembe la palizi, mwingine gunia la mbolea. Harinandan, mdogo wa marehemu, alichukua pampu ya maji akisema anaipeleka kwa fundi. Huko kwa fundi pampu ikazeeka. Binti wa pekee wa Sonmati alikuwa ameolewa mbali, na mtoto wa kiume hakuwa naye. Alibaki na shamba lake la mboga, nusu ya shamba la ukoo lililogawanywa kwa tuta, na chungu cha mbegu.

Chungu kile ndicho kilichokuwa heshima yake. Mbegu ya koliflawa iliyokuwa ndani yake ilitoka kwa mama mkwe, ambaye naye aliipata kwa mama mkwe wake, na sifa yake ni kwamba ilifunga maua wakati joto halijaondoka vizuri, kabla ya koliflawa za kijiji kizima. Haikuuzwa, haikugawiwa. Ilikwenda kwa mke wa mtoto mkubwa tu. Mke wa mtoto mdogo, Lalpari wa Harinandan, aliyeishi upande wa pili wa ua ule ule, hakuwahi kuishika mkononi hata mara moja.

Mwaka ule mambo yalikaa vibaya tangu mwanzo. Mvua za Agosti ziliozesha miche ya kwanza. Ugonjwa wa kinyausi uliikata mashinani, ikalala kitaluni kama nywele zilizonyolewa. Sonmati akapanda tena, akaezeka kitalu kwa nyasi, akanyunyiza majivu kuzuia wadudu. Miche ya pili ilitoka vizuri, lakini ilichelewa. Ilipofikia kimo cha kuhamishwa shambani, nusu mwezi wa wafu ulikuwa umeanza.

Katika siku hizo mtu haanzi jambo jipya. Hanunui nguo, haposi, hajengi, hapandi. Ni siku za kuwalisha waliotangulia, na anayeanza jambo lake wakati huo anaonekana kuwapa mgongo. Na siku hizo zikikaribia kuisha, ndipo inapokuja mvua ya mwisho, ile wanayoiita mvua ya Tembo, ambayo hushuka kwa kishindo na kuzamisha kila mche ambao mizizi yake haijashika udongo. Kupanda kabla yake kulitaka kufanywa sasa hivi. Kusubiri ipite kulimaanisha miche izeeke kitaluni, na mche wa koliflawa uliozeeka hutoa kiua cha ukubwa wa kifungo cha koti.

Harinandan alilijua hilo vizuri. Alikuja akaketi kwenye kitanda cha kamba uani, akakubali chai.

"Shemeji, msimu huu naona umekugomea."

"Msimu haujaanza, utanigomea vipi?"

"Mimi nasema kwa uzuri. Shamba lisipotoa kitu safari hii, niachie nililime mimi kuanzia msimu wa ngano. Wewe utakula tu, nani atakunyima? Mwanamke peke yake na matope, si aibu kwetu?"

"Aibu ilikuwa wapi pampu yangu ilipokwenda kwa fundi?"

Harinandan akacheka, maana mashemeji hutaniana. "Ulimi wako ungekuwa jembe, ungekuwa umeshamaliza kulima!"

Alipoondoka, Sonmati aliitazama glasi aliyoiacha. Alijua kwamba akishaliachia shamba mara moja, hatalirudia. Mtu halimi ardhi ya mjane msimu mmoja tu.

Kesho yake akaja Lalpari, ndoo kiunoni. Alikuwa na wana wawili wenye ndevu, Suraj na mdogo wake, lakini Sonmati alikuwa bado akimwita bi harusi, kama desturi ya mke wa kaka mkubwa kwa mke wa mdogo.

"Dada, hiyo miche inakuangalia. Pandikiza."

"Siku hizi? Bi harusi, umekula nini?"

"Wafu nao walikuwa wakulima. Unadhani wamesahau Tembo anakuja lini?"

"Wewe mbona hupandi?"

"Nipande nini? Changu chote kimeoza, hakuna hata mche mmoja wa kumpa mbuzi."

Sonmati alilichambua neno hilo siku nzima kama anavyochambua mawe kwenye dengu. Kwa nini Lalpari amshauri avunje mwiko? Harinandan ndiye aliyekuwa akimtolea marehemu sadaka, kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Sonmati akipanda, Harinandan atasimama mbele ya watu aseme shemeji amemtukana kaka yake, na mtu kama huyo hakabidhiwi ardhi ya ukoo. Asipopanda, shamba halitatoa kitu, na ardhi itakwenda vilevile. Mume alikuwa ameziba njia hii, mke anamvutia kwenye ile. Walikuwa wamepanga, alijiambia. Huenda walicheka usiku wakipanga.

Hakupanda.

Siku mbili tatu baadaye aliona mapengo. Miche ilikuwa imeng'olewa, lakini si kwa fujo kama afanyavyo mbuzi. Umeng'olewa mmoja, umeachwa mmoja, mstari hadi mstari, na mashimo yamefukiwa kwa kidole. Sonmati alichutama pale hadi magoti yakamuuma. Alileta majivu kutoka jikoni, akayamwaga kuzunguka kitalu, mengi kuliko mdudu yeyote anavyohitaji.

Asubuhi iliyofuata majivu yalimjibu. Nyayo zilikuwa ndogo, za mwanamke, na pembeni ya kidole cha pili cha kila mguu palikuwa na alama ya duara, safi kama muhuri. Pete za vidole vya miguu. Za mwanamke mwenye mume. Sonmati alivitazama vidole vyake mwenyewe, vilivyokuwa vitupu tangu siku ile walipomvua pete zake kando ya mto, na jambo moja likamuuma zaidi ya wizi wenyewe: kwamba aliitambua miguu ile. Aliwahi kuipaka rangi nyekundu kwa mkono wake, asubuhi Lalpari alipoletwa bi harusi.

Siku ya kumlisha marehemu ilikuwa karibu, watu wa ukoo wangekuwepo, na pandit, kuhani wao, pia. Hapo ndipo angesema. Aliyapanga maneno yake vizuri, akayarudia akisuuza mchele.

Siku ilifika. Harinandan, kifua wazi, aliweka wali wa maziwa na andazi juu ya ukuta kwenye jani, akaita kunguru. Kunguru ndiye mjumbe. Akila, marehemu amekula. Watu walikaa uani wakingoja. Kunguru walikuwepo juu ya mti wa mwarobaini, wanageuza vichwa, wala hawashuki.

"Njoo, kaka, njoo," Harinandan aliita. Kisha akageuka taratibu. "Kaka hali chakula. Kuna kitu kimemkera."

Mjomba mmoja mzee akasema, "Labda sukari haitoshi."

"Sukari ipo. Mimi nitasema ukweli, ingawa unaniuma. Nimepita kwenye kitalu cha shemeji. Miche nusu haipo. Haipo, iko wapi? Imepandwa! Siku za wafu, za mumewe mwenyewe, mtu anapanda mboga! Halafu tunashangaa kunguru hashuki?"

Nyuso zote zikamgeukia Sonmati. Aliwaona wanawake wakivuta ncha za sari zao mdomoni, jinsi wanavyofanya wanapoonja habari mpya. Sasa alielewa umbo zima la mtego, au alidhani ameelewa: mke aondoe miche, mume aonyeshe mapengo. Alikuwa na jibu tayari. Aseme tu, leteni majivu mtazame miguu. Alifungua mdomo. Akamtazama Lalpari, aliyesimama mlangoni mwa jiko, mikono imejaa unga, uso umepauka kuliko huo unga. Si uso wa mtu ambaye mtego wake umenasa.

Sonmati akasita. Na katika kusita kwake, Lalpari akasema:

"Nimepanda mimi."

"Nyamaza wewe, hukuulizwa," Harinandan alisema.

"Nimepanda mimi, baba Suraj. Nyuma ya mbaazi, kwenye kipande chetu. Dada hajui. Nilimwibia. Nenda katazame kama hujapofuka."

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Harinandan alikuwa ameanza hukumu na sasa mshtakiwa alikuwa jikoni kwake, amemkandia unga. Yule mjomba mzee ndiye aliyeanza kutikisika mabega. Pandit, ambaye hakuruhusiwa kula kabla ya kunguru na alikuwa amefunga tangu asubuhi, alikohoa.

"Aliyepanda si mke wa marehemu," alisema. "Marehemu ana ugomvi gani na mboga za mdogo wake? Na mfukuzeni yule paka chini ya ukuta, kunguru ana akili kuliko ninyi."

Paka akafukuzwa. Kunguru akashuka, akala andazi, akaacha wali.

Jioni ile Sonmati alimfuata Lalpari kisimani.

"Nani alikutuma?"

"Tumbo langu."

"Lalpari, usinichezee."

"Dada, kitalu changu kilioza. Chako kinazeeka mbele ya macho yangu, na wewe umekaa unawaogopa wafu na walio hai kwa pamoja. Ningekuomba miche, ungenipa?"

Sonmati alifikiri. "Nisingekupa."

"Ndiyo maana sikuomba."

"Na maua yake ya nani?"

Lalpari aliinua ndoo, maji yakamwagika miguuni, juu ya zile pete. "Tembo aje kwanza apite. Utagombea maua ambayo hayajaota?"

Hilo halikuwa jibu. Sonmati alikwenda nalo nyumbani na likamkosesha usingizi.

Tembo alikuja siku za wafu zikielekea ukingoni, akanyesha mchana na usiku hadi tuta la katikati ya mashamba likawa halionekani. Nyuma ya mbaazi, miche ya Lalpari ilikuwa imeshashika. Ililala kidogo, ikasimama. Kitaluni, ile iliyobaki haikuoza, maana ilikuwa imepata nafasi ya kupumua. Sonmati aliihamishia shambani siku za wafu zilipokwisha tu, udongo ukiwa bado uji. Lakini ilikuwa imezeeka. Baada ya sikukuu ya taa, aliyapekua majani yake, mche hadi mche, na katika mingi alikuta kile alichokiogopa: vifungo vya koti, vyeupe, vigumu, visivyokua tena.

Harinandan alipita kwenye tuta, akachungulia, akaenda zake. Alikuwa na haraka gani? Msimu wa ngano ulikuwa unakaribia.

Kwa majuma kadhaa Sonmati alikuwa akimwona Lalpari akiingia nyuma ya mbaazi na kutoka. Hakwenda kutazama. Kwenda kungekuwa kama kuomba. Alijiambia kwamba maua yameshakwenda sokoni kwa njia ya mtoni, kwamba alikuwa mpumbavu kunyamaza siku ile uani, kwamba kukiri mbele ya watu kulikuwa hila ya kiwango cha juu ambayo yeye hakuwa na akili ya kuiona mwisho wake.

Asubuhi moja ya ukungu wa kwanza, Lalpari alisimama mlangoni, kapu kichwani. Akalitua. Koliflawa zilijaa hadi ukingoni, zimefunikwa na majani yake, kubwa, zimebana, zina rangi ya maziwa. Kijijini kizima hakuna aliyekuwa na ua hata moja bado.

"Zako," alisema.

Sonmati hakusema asante. Alipiga magoti, akaingiza mkono ubavuni mwa kapu, akaushusha hadi chini, jinsi anavyofanya kwa wauza viazi wanaoficha vidogo chini ya vikubwa.

"Chimba, dada, chimba," Lalpari alisema. "Fika mpaka chini kabisa. Ukikuta nyoka, niite."

Alichimba. Za chini zilikuwa kama za juu.

"Ni zote hizi?"

"Zote? Nimekubebea zote kwani mimi punda wako? Nusu nimebaki nazo. Nimebeba dhambi peke yangu mbele ya ukoo mzima, baba Suraj hakusema nami mpaka mwezi ukaisha. Dhambi bila ujira, nani anaibeba?"

Hapo ndipo kitu kilicholegea kwa muda mrefu kifuani mwa Sonmati kilipopata mahali pa kukaa. Angeletewa zote, asingelala. Angetafuta mtego hadi masika. Lakini nusu aliielewa. Nusu ilikuwa kitu ambacho mtu wa kweli huchukua. Alikalia visigino vyake kwenye ardhi baridi, akacheka, kicheko kidogo chenye kutu, na Lalpari akamtazama kwa wasiwasi.

Siku hiyo Sonmati alibeba kapu lake mwenyewe hadi barabarani, akapita makusudi mbele ya duka la chai ambapo Harinandan hukaa. Wachuuzi walimzunguka kabla hajalitua. Harinandan aliitazama chai yake. Hakulitaja tena shamba wala ngano, mwaka ule.

Koliflawa moja, iliyobana kuliko zote, Sonmati aliiacha isikatwe, nyuma ya mbaazi kwenye kipande cha Lalpari, na kuifunga uzi mwekundu, kama mama mkwe alivyokuwa akifanya, ili iachwe ikue hadi itoe mbegu. Uzi aliufunga yeye. Lalpari aliombwa tu ailinde dhidi ya mbuzi.

"Na mbegu yake ya nani?" Lalpari aliuliza.

"Itoe kwanza," Sonmati alisema.

Agosti iliyofuata alichota mbegu ile kwa kijiko, sehemu yake na sehemu ya Lalpari, akitazama kijiko kwa makini sana. Kisha akamwaga majivu kuzunguka kitalu, mengi kama mwaka uliopita. Ni kwa ajili ya wadudu, alisema.