Fundi wa Marhamu na Mlinzi Anayelala Mchana

Saa moja asubuhi, kabla mabenchi ya kliniki ya ngozi hayajajaa, Mama Marhamu anachanganya unga wa salfa na mafuta ya mgando. Kisu chake bapa kinakwenda na kurudi juu ya kioo kinene. Anachota kidogo, anajipaka nyuma ya kiganja, anakunja uso. Kuna chembe. Anaanza upya.

"Mtu anawashwa usiku kucha, halafu mimi nimpe dawa ya kumparuza?" anauliza. "Hiyo si dawa, huo ni ugomvi."

Jina la Mama Marhamu alipewa na wagonjwa. Alianza kazi hapa kama mfagizi. Mfamasia mzee, ambaye sasa amestaafu, alimwona akichungulia mlangoni kila mara, akamwambia, "Mwanangu, badala ya kuchungulia, nawa mikono uingie." Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa mbele ya kioo hicho. Mshahara, anasema akicheka, hufika katikati ya mwezi ukiwa hoi.

Wanakuja wenye mba, mapunye, ukurutu na fangasi za miguuni. Ila upele, unaoambukiza nyumba nzima, ndio unaomnyima raha, kwa sababu watu wanauonea aibu.

"Husemwa Mungu humpa upele asiye na kucha," anatania. "Wangu wana kucha tele, wananiletea vidonda."

Kwake mgonjwa haondoki na kopo mpaka apake mara ya kwanza akiwa anamwelekeza. Mlango wa kabati la dawa, ukiachwa wazi, ndio unaowasitiri na macho ya foleni wanapovua nguo. Unamsitiri mtu nusu tu.

Mwaka jana alimjia mama mmoja, fundi cherehani, kwa mara ya tatu, na binti yake wa darasa la saba. Mikono ya mtoto ilikuwa imechubuka kwa kujikuna. Shule ilikuwa imemrudisha nyumbani mpaka apone, na mtihani wa mwisho ulikuwa umekaribia.

"Dada, dawa yako imeisha nguvu," fundi alisema, akisukuma kopo tupu mezani. "Tumepaka nyumba nzima, shingo hadi unyayo. Shuka nimechemsha. Sasa naenda kununua ile krimu kali ya dukani."

Mama Marhamu anakiri maneno hayo yalimchoma.

"Ile krimu ingetuliza muwasho, upele ukaendelea kula," anasema. "Nikamwambia, mwenzangu, mficha uchi hazai. Nitajie kila anayelala kwenu."

Fundi akataja watoto, kisha akajitaja mwenyewe.

"Na baba watoto?"

"Huyo ni mlinzi. Usiku tunapopaka yuko lindoni."

"Akirudi asubuhi analala wapi?"

Aliyejibu ni mtoto. "Kitandani kwangu. Chumbani kwao kuna cherehani, inampigia kelele."

Fundi alijishika kichwa, kisha akaanza kucheka huku machozi yakimtoka.

Kesho yake mlinzi alifika moja kwa moja kutoka lindoni, na sare yake, amenuna.

"Mimi siwashwi sana," alisema, akijikuna kiuno.

"Shemeji, usiku wako ni mchana," Mama Marhamu alimjibu. "Basi utapaka mchana."

Familia nzima ilipaka upya kwa siku zilezile, kila mmoja kwa saa yake ya kulala. Muwasho haukuisha mara moja, ndiyo kawaida yake, lakini vipele vipya havikutoka tena. Shule ilimpokea binti, akafanya mtihani na wenzake. Sasa yuko sekondari.

Mama Marhamu anakaribia kustaafu, na kabla ya hapo anataka kitu kimoja: chumba kidogo chenye pazia, mtu avue shati bila kutazamwa na foleni. Daktari wa kliniki amemwahidi stoo iliyo jirani, ikishatolewa vitanda vibovu.

Wiki iliyopita fundi alipita kliniki, mzima wa afya, na furushi kwapani. Lilikuwa pazia zito la kijani, limepindwa vizuri.

"Nimelikadiria kwa macho," alisema. "Likizidi urefu, nitalipunguza."

Vitanda vibovu bado vimejaa stoo. Mama Marhamu amelikunja pazia lake ndani ya kabati, mbali na harufu ya salfa.

"Vitanda vitatoka tu," anasema, akishika tena kisu chake. "Mwenye pazia hakosi pa kulitundika."