Mbili za Kichwa, Mbili za Goti

Kazini walimwita Nusu Saa. Kila asubuhi, katika maabara ya ukaguzi wa dawa, alitumbukiza vidonge sita kwenye vyombo sita vya kioo vyenye maji ya joto la mwili, akawasha makasia madogo yanayokoroga taratibu, kisha akasubiri dakika thelathini aone kama vimeyeyuka inavyotakiwa. Alifanya hivyo miaka ishirini na miwili. Wapo waliopewa nishani kwa kusubiri kidogo kuliko hapo.

Dawa aliyoijua kuliko zote ni parasetamoli. Wageni wa maabara aliwasimulia historia yake kama mtu anayemsemea ndugu: ilitengenezwa karne ya kumi na tisa, ikajaribiwa kwa wagonjwa, ikashukiwa kuharibu damu, ikasahauliwa kabatini miongo mingi hadi walipotokea wengine wakaisafishia jina. Mpaka leo wataalamu hawajakubaliana inatulizaje maumivu. Wanachokijua vizuri ni inavyoua: ikizidi, ini linaelemewa. Hapo wageni walicheka.

Dada yake mkubwa ndiye aliyemlea na kumsomesha, kwa cherehani ya miguu. Kukanyaga kote huko kulimwachia goti bovu, mgongo bovu, na kichwa kisichompa nafasi. Lakini dawa alikuwa haziamini. Alisikia za bandia zimejaa madukani. Ndipo mdogo wake aliposhika pakiti ya parasetamoli, akasoma namba ya toleo, akasema kwa fahari ya mtu ambaye kazi yake haionwi na yeyote, "Dada, hizi zimepita mikononi mwangu. Kunywa bila wasiwasi."

Dada akanywa bila wasiwasi.

Jumanne mchana Nusu Saa alimkuta amelala, cherehani imefunikwa shuka, jambo ambalo hata msiba haukuwahi kuliweza. Macho yake yalikuwa ya manjano.

"Dada, umekunywa nini?"

"Hizo hizo zako. Na usinikodolee macho, mimi si kidonge."

"Ngapi?"

"Mbili mbili, kama walivyoandika."

"Kwa siku mara ngapi?"

"Asubuhi, mchana, jioni. Mbili za kichwa, mbili za goti, mbili za mgongo." Akamwona mdogo wake anakaa chini, sakafuni. "Sasa wewe ulitaka za kichwa zishuke mpaka gotini? Njia zitaijuaje?"

"Tangu lini?"

"Ijumaa. Si uliniambia nisiwe na wasiwasi?"

Kumi na nane kwa siku. Mwisho ni nane. Msomi wetu alikuwa amemhakikishia kila kitu kuhusu kidonge, na idadi yake hakuitaja, kwa kuwa kazini kwake huwa ni sita daima.

Hospitalini daktari, binti wa umri wa kuweza kuwa mwanawe, alimwambia kwa upole, "Dawa ya kulikinga ini tumeshaitundika, mzee wangu. Ila hiyo ina nguvu zaidi ikiwahi saa za mwanzo. Sasa tunasubiri."

"Huenda vidonge vina kasoro," alisema Nusu Saa. "Huenda ni vya bandia."

"Huenda," alisema daktari, kama mtu anayemwachia mgonjwa mto wake.

Katika pakiti ya mwisho vilibaki vidonge kumi. Alivipeleka maabara, akatumbukiza sita. Kwa mara ya kwanza maishani aliomba dawa ifeli. Chokaa, unga wa muhogo, chochote. Chokaa isingemdhuru dada. Makasia yalizunguka. Alisimama pale na saa yake mkononi, akitazama vidonge vikilainika, vikimomonyoka, vikiisha kwa adabu kabla ya muda. Vinne vilivyobaki alivisaga, akapima kiasi cha dawa kilichomo. Kilikuwa kamili, hakijapungua hata chembe ya kujifariji. Alijaza fomu kwa mazoea, akaandika "Imefaulu", akatia sahihi.

Aliporudi wodini dada alikuwa ameanza kuchanganya maneno, akimwuliza kama sare ya shule imemtosha.

"Imenitosha, dada."

"Mabegani?"

"Na mabegani."

Dada akashika ubavu wa kulia, chini ya mbavu. Kisha akamtazama kwa macho yale ya manjano, na kwa sauti ya mtu aliyerejewa na akili zake timamu akasema, "Mdogo wangu, huku kunauma. Nipe basi mbili za huku."

Nusu Saa alimshika mkono. Kwa mazoea tu, akatazama saa.